Kopo la bibi Newala: Safari ya kujifunza kusoma sarafu

Katika stendi ya Masasi, konda wa basi dogo la kwenda Newala anarudisha chenji. Mtoto wa darasa la sita, aliyekaa dirishani pamoja na mama yake na mdogo wake wa miaka minne, anapokea sarafu tatu: ya shilingi 50, ya 100 na ya 200. Siku nyingine angezitia mfukoni bila kuzitazama. Safari hii anazipanga gotini.

Mama yake amemwambia kwa nini wanakwenda Newala likizo hii ya Juni. Bibi, mzaa mama, ana kopo la sarafu za zamani. Mtu mmoja mwenye pikipiki amepita kijijini akinunua vitu vya kale, akatoa shilingi 30,000 kwa kopo zima, akaahidi kurudi Jumamosi. Mjomba anataka liuzwe, maana jiko la bibi linahitaji bati. Bibi hajasema ndiyo wala hapana. Ametuma neno moja tu Masasi: waje wanaojua kusoma.

Somo la kwanza liko kwenye chenji

Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto kukusanya sarafu hahitaji kuanza na vitu adimu. Chenji ya basi inatosha, kwa sababu sarafu zote, mpya na za kale, zina viungo vilevile.

Kuna upande wa mbele, unaoweza kuitwa uso. Huko ndiko hukaa kichwa cha kiongozi au nembo ya dola iliyotoa fedha. Kuna upande wa pili wa shilingi, kama usemi wetu unavyosema, ambao ndio mgongo wake. Huko mara nyingi utakuta thamani na picha. Kwenye shilingi 50 uso ni Mzee Ali Hassan Mwinyi na mgongo ni faru na mtoto wake. Kwenye 100 ni Mwalimu Nyerere na swala. Kwenye 200 ni Mzee Abeid Amani Karume na simba. Shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 ina Karume tena, na nyati mgongoni.

Kuna maandishi, ambayo mara nyingi huzunguka kwa kufuata duara. Kuna uwanja, yaani nafasi tupu kati ya picha na maandishi, mahali ambapo mikwaruzo huonekana kwanza. Kuna ukingo, ule mstari ulioinuka pembezoni ili picha isisagike upesi. Na kuna ubavu, yaani unene wa sarafu unaogusa vidole unapoishika. Ubavu unaweza kuwa laini au wenye meno.

Mwisho kuna mwaka. Shilingi 50 ya faru ilianza kwa mwaka 1996 na 200 ya simba kwa mwaka 1998. Rais wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mtu wa Lupaso, hapa hapa Masasi, alikozikwa Julai 2020. Kwa mtoto wa Masasi hiyo ni historia ya jirani, na imekaa kwenye chenji ya basi.

Kutoka mawe ya Masasi hadi juu ya uwanda

Basi linaondoka likiacha nyuma vilima vya mawe vinavyoizunguka Masasi, mawe makubwa ya mviringo yaliyosimama peke yake katikati ya mashamba. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika hapa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi. Steere ndiye yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili.

Enzi hizo misafara ya bara haikutegemea sarafu. Mtu alinunua chakula kwa nguo ya merikani na shanga. Pwani ndiko ilikotumika reale, sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha malkia wa Austria, Maria Theresa, na mwaka 1780. Mwaka huo ni fundisho zuri kwa anayeanza. Sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa muda mrefu baada ya malkia kufa, ikiwa na mwaka uleule wa 1780. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si lazima uwe mwaka ilipotengenezwa.

Barabara inaanza kupanda. Mikorosho inaongezeka kila upande, na mahali pengine inanuka salfa, maana huu ni msimu wa kupulizia. Hewa inakuwa baridi. Newala iko kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde. Anayesimama pale Shimo la Mungu huona ardhi ikikatika ghafla chini ya miguu yake, kisha bonde la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji.

Juu ya uwanda, mchanga hunywa mvua yote. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka miteremko hiyo kufuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Lakini vichaka vizito vya huku juu viliwaficha watu wakati wa uvamizi na biashara ya watumwa. Watu wa nchi kama hii hujua kuweka kitu mahali pa siri na kukaa kimya.

Kopo linafunguliwa

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunisomea?"

Bibi anacheka, mjukuu anaona aibu, mdogo wake anadandia mapajani. Mjomba yupo, amekaa kwenye kiti cha uvivu. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao majirani zao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mali ya familia. Hata hivyo kopo ni la bibi, na bibi analiweka mwenyewe kwenye mkeka.

Jambo la kwanza mama wa watoto analofanya ni kumpa mdogo gunzi achezee na kumsogeza mbali. Sarafu ni kitu ambacho watoto wadogo humeza haraka, na ikikwama kooni ni hatari. Ukusanyaji wowote wa nyumbani uanze na kanuni hiyo: mwenye miaka minne hakai na kopo.

Mjomba anataka kuleta ndimu na majivu ili zing'ae. Mama anamzuia. Wakusanyaji wanakubaliana kwa jambo hili popote duniani: sarafu ya zamani haisuguliwi. Rangi ya kahawia au nyeusi inayoifunika shaba ni uzee wake. Ukiisugua unaondoa pia ngozi ya juu ya picha, na haitarudi. Inatosha kupangusa vumbi kwa kitambaa laini. Sarafu hushikwa ubavuni kwa vidole viwili, si kwa kuikamata usoni kwa jasho.

Mjukuu anaanza kuzipanga. Bibi, ambaye macho yake yamefifia, anachukua moja, anaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, anasema, "Hii ya Mwingereza, ina meno." Anachukua nyingine. "Hii laini, ya Mdachi." Hakosei hata mara moja. Neno "ubavu" ambalo mtoto amejifunza asubuhi ndani ya basi, bibi analijua kwa vidole miaka mingi.

Hela zilizozaa neno hela

Katika kopo kuna vikundi vinne.

Cha kwanza ni shaba nyeusi ndogo na nyingine kubwa sana. Ndogo zina taji usoni, na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mgongoni kuna tarakimu 1 na neno HELLER ndani ya shada la majani. Mtoto anasoma kwa sauti, "Heller." Anakaa kimya kidogo. "Mama, ni hela?"

Ndiyo. Wajerumani walianza kwa kampuni yao, iliyotoa rupia ya fedha na pesa ya shaba kuanzia mwaka 1890. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa ikawa heller 100 kwa rupia. Rupia ilitoka India, na pesa pia, lakini "hela" ni neno la Kijerumani lililobaki mdomoni mwa Watanzania zaidi ya miaka mia baada ya Mjerumani kuondoka. Kila mtoto anayesema "mama nipe hela" anataja sarafu iliyo kwenye makopo kama hili.

Zile kubwa ni heller 5 za mwaka 1909. Ni pana na nzito, kubwa kuliko sarafu yoyote iliyo kwenye chenji ya leo.

Kwenye heller moja ya mwaka 1910, mtoto anaona herufi ndogo sana, J. Hiyo ndiyo alama ya kiwanda. Sarafu za Kijerumani zilitiwa herufi ya mji zilikopigwa chapa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mjomba anasogea kuangalia. Hakuwahi kujua kuna herufi pale.

Kwa wazee wa nyumba hii hela hizo hazikuwa za kuchezea. Utawala ule ulidai kodi kwa rupia, na mtu asiyekuwa na rupia alikwenda kuitafuta kwa kibarua cha mbali. Rupia tatu ni heller 300. Kwa hiyo sarafu hizi ni jasho la mtu.

Herufi T

Kikundi cha pili kina sarafu moja tu. Ni ya shaba nyeupe ya manjano, imepigwa vibaya, kama kazi ya haraka. Uso wake una taji, herufi D.O.A., mwaka 1916 na chini yake T. Mgongoni, 20 HELLER.

T ni Tabora. Vita ya kwanza ya dunia ilipozuia meli, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena, na Wajerumani wakaanza kuzitengeneza wenyewe kwa mitambo ya karakana ya reli, huko Lulanguru karibu na Tabora. Walitoa heller 5, heller 20 na hata rupia 15 ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye tembo. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora.

Mwaka huohuo vita ilifika hapa bibi alipokaa. Oktoba 1916 Wareno waliokuwa wamevuka Ruvuma waliichukua Newala, na mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakawafukuza. Watu wa uwanda huu walibebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote. Bibi anasema mjomba wa mama yake alichukuliwa kuwa mpagazi. Alirudi amekonda, na sarafu moja.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo hii. Lakini mama wa watoto anaitoa kwenye rundo na kuiweka peke yake juu ya karatasi.

Tundu la kiwandani na tundu la msumari

Kikundi cha tatu ni za Mwingereza, baada ya bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1919 na shilingi kuanza mwaka 1921. Shilingi ina mfalme usoni, na mgongoni simba mbele ya milima. Senti 5 na senti 10 zina tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizopinda kando yake. Tundu lilifaa sana: mtu asiye na mfuko alizitunga kwenye uzi.

Senti 10 moja ina mwaka 1936 na jina EDWARDVS VIII. Huyu ni Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba 1936 kabla hajavikwa taji. Sarafu zenye jina lake ni chache duniani. Zetu zilitoka kwa sababu zilikuwa na tundu: hazikuhitaji picha ya uso wake, jina lilitosha. Hata hivyo si adimu, kwa kuwa zilitengenezwa nyingi.

Hapo bibi anatoa kitu shingoni mwake. Ni heller moja, kwenye uzi mweusi, ina tundu karibu na ukingo. Mjukuu anafurahi, "Na hii ina tundu!" Mama anamwambia atazame vizuri. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa, na lina mdomo laini ulioinuka kuizunguka. Hili liko pembeni, limechanika kidogo upande wa nyuma, na limekata herufi. Limetobolewa kwa mkono, labda kwa msumari wa moto.

Kwa mkusanyaji, sarafu iliyotobolewa imeshuka hali, na bei yake huanguka. "Hali" ndilo neno la mwisho ambalo mwanafunzi analihitaji. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana bei mara nyingi kwa sababu ya hali tu: kama picha bado ni kali, kama uwanja hauna mikwaruzo, kama haijasuguliwa, kama haina tundu.

Bibi anairudisha shingoni bila neno.

Kikundi cha nne kinawafanya wote watabasamu. Ni za Tanzania, za kuanzia mwaka 1966, Benki Kuu ilipofungua milango Juni 14. Shilingi yenye Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, senti 50 ya sungura, senti 20 ya mbuni, senti 5 ya samaki yenye pembe 12. Mjomba anakumbuka kununua andazi kwa hizi.

Anayedanganywa mara mbili

Mtu asiyejua kusoma sarafu hudanganywa mara mbili. Mara moja anaambiwa kwamba alicho nacho ni chuma chakavu. Mara ya pili anaambiwa "mali ya Mjerumani" ina thamani ya mamilioni, atoe kwanza ada ya kuipima, au achimbe karibu na boma la zamani. Watu wamepoteza akiba ya korosho kwa hadithi ya pili.

Ukweli upo katikati. Heller 1 zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi zina bei ndogo. Ya Tabora hutafutwa zaidi. Rupia 15 ya tembo ni ya thamani kweli, na kwa sababu hiyo imeigizwa sana. Hakuna sarafu yenye nguvu ya kuvuta mchele wala utajiri. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inasaidia kuanza: shaba na dhahabu havivutwi, ila shilingi 100 ya leo inavutwa kwa sababu ndani ni chuma. "Dhahabu" inayorukia sumaku si dhahabu.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kuvitafuta bila kibali ni kosa. Kopo la urithi ni jambo moja, jembe kwenye magofu ni jambo jingine.

Jumamosi

Mwenye pikipiki alirudi kama alivyoahidi. Alikuta mkeka umetandikwa, na sarafu zimepangwa kwa vikundi vinne.

Mjomba ndiye aliyezungumza. Alimwomba mgeni aseme, moja baada ya nyingine, ni ipi anainunua na kwa bei gani. Mgeni aligusa heller za kawaida, akagusa shilingi, akapita ile ya T kana kwamba hajaiona. Kisha akarudi akasema, "Na hii niongezee tu."

"Hiyo ina alama ya kiwanda cha Tabora," alisema mtoto, kwa adabu, macho chini.

Mgeni alicheka, akamtazama mjomba, kisha mtoto. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mengine. Zilizokuwa na jozi ziliuzwa moja moja, kwa bei ambayo nyumba imeamua kuiweka siri. Bati hazikupatikana zote, lakini nusu ya jiko itaezekwa kabla ya mvua. Ile ya Tabora, ya Edward, na moja ya kila aina zilibaki.

Jioni mama aliwafundisha namna ya kuzitunza: kila sarafu katika bahasha yake ndogo ya karatasi kavu, si pamoja kwenye kopo zikisagana, na kamwe si kwenye stoo moja na salfa ya mikorosho, ambayo huila fedha na shaba na kuzifanya nyeusi. Juu ya bahasha huandikwa thamani, mwaka, alama ya kiwanda, hali, na ilikotoka.

Mtoto aliandika bahasha zote kwa kalamu ya shule. Alipomaliza, bibi alivua uzi shingoni, akamkabidhi.

"Andika na hii."

Akaandika: Heller 1. Mwaka 1910. J. Imetobolewa kwa mkono.

"Ilikotoka?" akauliza.

"Kwa mama yangu. Aliivaa, akanivika mimi."

Mtoto akaandika "Mama yake bibi." Bibi akamuuliza ameandika nini, akamsomea. Bibi akatikisa kichwa.

"Alikuwa na jina, mume wangu. Andika jina lake."

Akalitaja. Mtoto alisubiri mama yake amwambie linavyoandikwa, lakini mama naye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.